Göcek hadi Finike kwa tanga: siku saba kwenye pwani ya Likia

Boti ni ya kukodi, ya tanga, urefu mita 13, mkuku wake unazama mita 2, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 45. Tangi la maji lita 400, nanga kilo 20, mnyororo mita 60. Watu sita. Mwezi ni Juni. Njia inafuata pwani ya nchi ya kale ya Likia, kusini magharibi ya Uturuki, kutoka mji wa Göcek kwenda mashariki hadi Finike, jumla maili za bahari 100 na ushei.

Saa zote humu ni za Kiswahili, na saa ya mkononi haihitaji kuguswa: Uturuki iko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, sawa na Dar es Salaam na Nairobi. Tofauti ni jua. Mwezi wa Juni linachomoza karibu saa 12 kasorobo asubuhi na kuzama baada ya saa 2 usiku. Tofauti ya pili itamshangaza mtu wa Lamu au Pemba: hapa hakuna bamvua wala maji mafu. Bahari hujaa na kupwa kwa shibiri moja au mbili tu. Boti iliyofungwa kwenye mwamba jioni huamkia kimo kilekile, lakini ikikwama kwenye mchanga hakuna maji ya kujaa yatakayokuja kuinyanyua.

Siku ya 1, Jumamosi. Göcek hadi Kapı Koyu, maili 7

Boti hukabidhiwa alasiri, baada ya kusafishwa. Fundi wa kampuni ana boti nyingine nne za kukabidhi na atapenda kumaliza kwa dakika ishirini. Mshikilie kwa saa moja na nusu. Piga picha kila mchubuko ubavuni, kwenye propela ya kiboti cha mpira na kwenye matanga, kwa sababu dhamana ya fedha uliyoweka inarudi au hairudi kutokana na orodha hiyo.

Anza na nanga. Iteremshe mita kumi pale pale gatini na kuipandisha, uone kama winchi yake ina nguvu na kama mnyororo una alama za rangi kila mita kumi. Uliza swichi ya kinga ya winchi iko wapi. Huwa imefichwa chini ya kitanda au nyuma ya ngazi, na itajizima siku ambayo winchi imelemewa, yaani siku mbaya kuliko zote. Washa injini, kisha inama tezini, yaani nyuma ya boti, uangalie bomba la moshi: lazima liteme maji ya bahari kwa vipindi. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki kwenye tundu la kunyonyea maji, au kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu kimekatika mabawa. Cha akiba kiwemo, na bisibisi ya kukifungulia.

Fungua tanga la mbele lote na tanga kuu hadi juu mlingotini. Inua mbao za sakafu uone ngama, yaani tumbo la chini kabisa la boti: maji kidogo yasiyo na chumvi huenda yamevuja kutoka bombani, maji ya chumvi yana maelezo na maelezo hayo yatolewe kabla ya kutia sahihi. Gesi ya jiko ifungwe kwenye mtungi wenyewe kila baada ya kupika. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutulia palepale kwenye ngama. Halafu choo. Hakiingii kitu ambacho hakikupita kinywani kwanza, na karatasi imo kwenye marufuku hiyo. Kufungua bomba la choo lililoziba ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 35 ni kazi ambayo hakuna abiria atakayejitolea kuifanya.

Nyaraka: hati ya safari yenye majina ya wote na namba za pasipoti, cheti cha nahodha kinachotambulika (ICC, cheti cha kimataifa cha umahiri, ndicho kinachoombwa sana), cheti cha redio, na Mavi Kart, yaani kadi ya buluu. Kadi hii ilianzia Mkoa wa Muğla. Kila tangi la maji machafu linaponyonywa bandarini, lita huandikwa humo, na boti iliyotembea siku nyingi bila kuandikiwa kitu huulizwa uchafu wake umekwenda wapi. Ghuba yote ya Fethiye na Göcek imekuwa eneo la hifadhi maalumu tangu 1988. Asiye na vyeti hukodi nahodha pamoja na boti, na si fedheha. Nahodha wa hapa hujua ghuba ipi inavuma usiku.

Vyakula hununuliwa Göcek kwenyewe. Maji ya kunywa hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku: sita mara tatu mara saba ni lita 126, ambazo ni madumu saba ya lita 19. Yapangwe chini katikati ya boti, si omoni, yaani mbele. Maji ya tangi ni ya kuoshea. Kwa lita 12 kila mtu, tangi litafika siku ya tano, basi Kaş ndiko kwa kujaza.

Siku ya kwanza usiende mbali. Kapı Koyu ni hori dogo lililojificha, lenye mkahawa na gati la mbao. Anayekula pale halipi kufunga. Gatini hapatupwi nanga: kuna kamba imelala chini ya maji, ncha yake imefungwa gatini. Boti inarudi kinyumenyume, mhudumu anainua ile kamba kwa upondo, mtu wako anaipokea na kuipeleka omoni akiitembeza ubavuni. Kamba hiyo ikishainuliwa tu, gia iwe huru. Propela ikizunguka hata mara mbili, kamba imejifunga na usiku wa kwanza unaishia kwa kupiga mbizi na kisu. Samaki huuzwa kwa uzito; apimwe mbele yako na bei itajwe kabla hajaenda motoni. Nyuma ya mkahawa njia ya miguu inapanda kati ya misonobari na mizeituni hadi magofu ya Lydae.

Siku ya 2. Kapı Koyu hadi Gemiler Adası, maili 12

Kiangazi upepo wa hapa una ratiba, na ratiba hiyo ndiyo inayopanga safari. Alfajiri bahari ni shwari au pana umande kidogo, yaani upepo mwepesi kutoka milimani. Kuanzia saa 5 asubuhi upepo wa magharibi unaamka, noti tano, nane (noti ni maili moja ya bahari kwa saa). Saa 8 mchana umefika 15 hadi 20, siku nyingine 25. Jua likizama nao unalala. Kwa hiyo tanga hufurahiwa kuanzia saa 6 hadi saa 9, na baada ya hapo boti iwe imeshafungwa. Kuchelewa hakukupi shida ya mawimbi peke yake. Kunakufikisha kwenye ghuba iliyojaa, huku upepo ukikupiga ubavuni wakati wa kurudi nyuma.

Kuvuka mlango wa ghuba ya Fethiye ni mahali pazuri pa kujifunzia matanga, upepo ukitoka nyuma kidogo ya ubavu. Ukifika noti 18, punguza tanga kuu. Kanuni ya zamani haijapata mpinzani: siku unapojiuliza kama tanga lipunguzwe, lilipaswa kupunguzwa tayari.

Gemiler ni kisiwa kirefu chembamba, kimejaa magofu ya makanisa ya Kibizanti kutoka chini hadi kileleni. Boti hulala kwenye mkondo kati ya kisiwa na bara, tezi ikielekea kisiwani. Hapa ndipo pa kujua kufunga kwa nanga na kamba ya nchi kavu, maana pwani hii inashuka wima: urefu wa boti moja kutoka mwambani kina ni mita 12, urefu wa boti tatu ni zaidi ya 20. Huwezi kuiacha boti ikizunguka nanga yake kama unavyofanya mbele ya Shangani.

Hesabu kwanza. Kina pamoja na mita moja ya kimo cha omo, mara nne. Kina cha mita 12 kinataka mnyororo mita 52, unatosha. Kina cha mita 18 kinataka 76, na boti ina 60. Kwa hiyo mahali huchaguliwa kwa kipima kina, si kwa uzuri wa mandhari. Nanga hapa ina msaada mmoja: sakafu ya bahari inapanda kuelekea kisiwani, na nanga inayovutwa kupanda mteremko huzama zaidi badala ya kuteleza.

Kamba mbili, kila moja mita 40 au 50, za aina inayoelea, zitolewe na kunyooshwa kabla hujakaribia. Boya za kukinga ubavu ziwe zimening'inizwa pande zote. Kiboti cha mpira kifupishwe kamba yake hadi kiguse tezi, la sivyo kamba hiyo itakwenda kwenye propela mara tu unapotia gia ya nyuma. Mtu mmoja sukani, mmoja nanga, mmoja kwenye kiboti au majini akiwa amevaa viatu, kwa sababu miamba ina wale viumbe wenye miiba kama ya nungunungu. Wengine wakae.

Geuza tezi kwa kisiwa, teremsha nanga ukiwa umbali wa boti nne hivi, rudi polepole mnyororo ukitoka kwa mwendo wa boti. Ukiumwaga wote mahali pamoja utarundikana juu ya nanga na hautashika kitu. Boti nyingi zikirudi nyuma huvuta tezi upande wa kushoto kabla ya kupata mwendo. Anza tezi ikielekea kulia kidogo. Muogeleaji apeleke kwanza kamba ya upande unakotoka upepo. Hiyo ikishafungwa, boti haiwezi tena kusukumwa juu ya jirani, na ya pili hufungwa kwa utulivu. Funga kwenye mwamba imara, kamba ikipita juu ya kitambaa kinene ili isisagike. Kwenye ghuba za Göcek kufunga kamba mitini ni marufuku, kuna nguzo na maboya yaliyowekwa kwa kazi hiyo.

Mwisho tia gia ya nyuma kwa nusu dakika, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, ukiangalia alama mbili za nchi kavu ubavuni. Zikisogea, nanga inaburuzika. Vaa miwani ya kuogelea ukaitazame. Ikiwa imelala juu ya majani ya bahari haijashika, hata kama kwa sasa kila kitu kimetulia. Inua, tafuta doa la mchanga. Jaribio likiharibika mara mbili, toka nje, pumzisha watu, anza upya. Makelele ya saa 11 jioni hayajawahi kurudisha nanga mahali pake.

Mashua za watalii wa kutwa huondoka jioni na mkondo unabaki kimya. Watokea wanakijiji kwa vihori vyenye meko, wanakaanga gözleme, mkate mwembamba wenye jibini na mchicha ndani. Usiku mawimbi marefu kutoka nje hupenya mkondoni na boti huyumba. Vyombo vyote vya jikoni vibanwe. Hori la Soğuksu, jirani tu, lina chemchemi baridi na njia ya kupanda hadi Kayaköy, kijiji cha mawe ambacho wakazi wake Wagiriki walihamishwa mwaka 1923 katika ubadilishanaji wa watu kati ya Ugiriki na Uturuki. Nyumba ziko, mapaa hayapo.

Siku ya 3. Gemiler hadi Kalkan, karibu maili 30

Saa 11 na nusu alfajiri kamba zinaingizwa. Leo ni Yediburun, rasi saba zilizopangana, milima ikiingia baharini bila ufukwe. Kuanzia Ölüdeniz hadi karibu na Kalkan hakuna pa kukimbilia. Mawimbi yakifika kwenye majabali hurudishwa na kukutana na yanayokuja, ndiyo maana bahari ya hapa huchemka hata upepo ukiwa wa wastani. Dawa ni mbili: kuwahi, na kukaa maili moja na nusu hadi mbili kutoka pwani.

Ölüdeniz unaipita asubuhi hiyo ukiwa na chai mkononi. Lile ziwa la ndani, la buluu ya kwenye kadi za posta, limefungwa kwa boti za injini. Juu yake ni Babadağ, mita 1,969, na kabla ya saa 3 vivuli vya miamvuli ya warukaji vimeanza kutua. Bonde la Vipepeo, ufa mkubwa kati ya kuta za mawe, linafaa kwa kuogelea nusu saa bahari ikilala. Kulala hapo usiku usijaribu, pako wazi na kina ni kirefu.

Upepo ukiamka utakuwa mgongoni. Unaonekana mpole kwa sababu mnakwenda pamoja, na hapo ndipo unapodanganya: mawimbi yakiyumbisha tezi, tanga kuu linaweza kugeuka ghafla upande wa pili pamoja na ule mti wa chini unaolishika, na mti huo unapita kwenye kimo cha kichwa. Ufungwe kamba ya kuuzuia, kuelekea omoni. Au tua tanga kuu kabisa, uende na la mbele peke yake. Mwendo unapungua noti moja, na watu wanaacha kuinamisha vichwa.

Baada ya rasi ya mwisho pwani inalainika kuwa mchanga, zaidi ya kilomita 10: Patara. Mto Eşen unamwaga matope hapa na maji hubadilika rangi. Usikaribie zaidi ya maili moja. Mto huo huo ndio ulioiziba bandari ya kale, ambako kulijengwa mnara wa taa enzi za Nero, kaisari wa Roma, karne ya kwanza. Msomaji wa Matendo ya Mitume anaikumbuka Patara: Paulo alibadili merikebu pale kwenda Foinike. Leo bandari ni matete, na ufukwe ni wa kasa wanaotaga, hivyo usiku hufungwa kwa watu.

Kalkan ina bandari ndogo nyuma ya ukuta wa mawe. Tezi kwa gati, nanga yako mwenyewe mbele. Kwa ufinyu wake minyororo hupandana kila siku. Asubuhi nanga ikipanda na mnyororo wa mtu mwingine juu yake, usivute kwa nguvu. Pitisha kamba fupi chini ya mnyororo huo, funga ncha zote mbili kwenye boti, teremsha nanga yako mita moja ijinasue, rudi nyuma kidogo, kisha achia ncha moja ya kamba. Dakika tatu. Jambo jingine la Kalkan ni pepo za usiku zinazoporomoka kutoka milimani, kali na za vipindi, hata kama mchana ulikuwa shwari. Kamba za tezi ziongezwe ya tatu. Bandari ikijaa, hori la Fırnaz magharibi yake lina mchanga unaoshika vizuri.

Siku ya 4. Kalkan hadi Kaş, maili 14

Siku fupi. Ufukwe wa Kaputaş, chini ya korongo la barabara kuu, usimame kabla ya saa 4 asubuhi na uache mtu kwenye boti.

Mbele ya Kaş kuna kisiwa cha Ugiriki, Kastellorizo, kwa Kituruki Meis, kilomita mbili tu kutoka sehemu ya karibu ya bara. Kukitembelea kwa boti hii ni kuondoka Uturuki rasmi na kuingia Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen iliyokwisha kutolewa. Kutia nanga upande ule "kwa kuogelea tu" ni kuvuka mpaka. Simu nazo huvuka bila kuuliza: zinashika mtandao wa Ugiriki na kukata fedha kwa bei ya nje. Chagua mtandao mwenyewe kabla ya kufika.

Kaş ina bandari mbili, na wageni huzichanganya. Ile ndogo ya mjini iko upande wa kusini. Marina, iliyofunguliwa 2011, iko nyuma ya rasi ya Çukurbağ, ndani ya ghuba ndefu ya Bucak Denizi, na inaingiwa kutoka magharibi. Kwa boti inayotoka Kalkan marina ndiyo ya kwanza, na kuna maji, umeme, dizeli na pampu ya kunyonya uchafu. Jaza maji, chaji betri. Betri ikisoma volti 12.2 asubuhi, jokofu limekunywa mno: washa injini saa moja au zima jokofu usiku, kwa sababu betri za kawaida zikishushwa chini ya hapo mara kwa mara hufa.

Siku ya 5. Kaş hadi Kekova, maili 15

Maili chache kusini mashariki mwa Kaş kuna rasi ndefu, Uluburun. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo alieleza kwamba ameona chini yake biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa vibamba vya shaba. Kati ya 1984 na 1994 wanaakiolojia walizama hapo zaidi ya mara 22,000, kwenye mteremko wa mita 44 hadi 61, na kutoa shehena ya merikebu ya mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo: tani kumi za shaba, tani moja ya bati, vioo vya buluu vilivyoganda kama mikate, pembe ya ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni.

Kulikuwa na magogo meusi pia. Wamisri wa kale waliuita mti huo hbny, na neno hilo limezunguka lugha za Ulaya kwa jina la miti mingine. Wataalamu wa mbao walipoyapima, magogo ya Uluburun yalikuwa Dalbergia melanoxylon. Ni mpingo, mti uleule wa vinyago vya Wamakonde na zumari. Mpingo humea katika nchi kavu nyingi za Afrika, kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, hivyo hakuna haja ya kudai magogo hayo yalikatwa Kilwa. Lakini yalitoka bara letu na kufika hapa, na yalipofika chini yalibaki chini, kwa kuwa moyo wa mpingo hauelei. Vitu hivyo viko kwenye jumba la makumbusho ndani ya ngome ya Bodrum.

Merikebu yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 15 au 16, jahazi la kawaida tu, mita mbili au tatu zaidi ya boti hii. Ilibeba nanga za mawe 24. Nahodha wa leo mwenye nanga moja na mnyororo anaweza kuona ajabu, lakini jiwe halichimbi, linashikilia kwa uzito tu, na likikwama mwambani unakata kamba na kuliacha. Ishirini na nne zilikuwa akiba ya safari.

Uizunguke rasi kwa umbali, mapema, kisha bahari inafunguka kuwa ziwa: Kekova, kisiwa cha kilomita saba kilicholala sambamba na bara na kuukata mkumbo wote wa mawimbi. Upande wake wa kaskazini nyumba za kale zimezama, ngazi zinashuka majini na kupotea. Matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyoiteremsha pwani hii. Eneo linalindwa tangu 1990. Kupita polepole ruksa, kutia nanga, kuogelea na kupiga mbizi juu ya magofu marufuku, na doria ipo.

Kulala ni Üçağız. Mlango wake una miamba, fuata alama na uweke mtu omoni mwenye miwani ya jua isiyo na mng'ao. Ndani kina ni mita 3 hadi 6, tope. Hapa kwa mara ya kwanza boti inaweza kuzunguka nanga yake: mnyororo mita 30, gia ya nyuma kidogo kidogo, kwa sababu tope laini linahitaji dakika chache kuimeza nanga. Ukivuta kwa pupa unailima kama jembe.

Siku ya 6. Kekova

Asubuhi boti ibaki. Kwa kiboti cha mpira nenda Kaleköy, Simena ya kale, kijiji kisichofikika kwa gari. Kamba ya kuzimia injini ya kiboti ifungwe mkononi kila safari, hata ya dakika tano. Juu kabisa ngome, na ndani yake ukumbi wa maonyesho uliochongwa kwenye jabali, watu mia tatu tu. Majini mbele ya kijiji limesimama jeneza la mawe la Walikia wa kale, peke yake, maji yakilifikia kiunoni.

Mchana nyigu huja kwenye meza, hasa majira yakielekea Agosti. Kahawa ya unga ikichomwa kwenye kisosi moshi wake huwafukuza, nyama ifunikwe.

Alasiri, maili chache mashariki, Gökkaya: visiwa vidogo, chemchemi baridi zikitoka chini ya maji, miamba iliyofichika kati ya visiwa. Uingie jua likiwa nyuma yako.

Siku ya 7. Gökkaya hadi Finike, maili 15 hadi 18

Saa 12 asubuhi. Kushoto inapita Andriake, bandari ya mji wa Mira, leo Demre, ambapo ghala la nafaka la Hadriano, kaisari wa Roma, bado limesimama na limefanywa jumba la makumbusho. Mira ndiko Paulo, akiwa mfungwa, alipopandishwa merikebu ya Iskanderia iliyokuwa ikienda Italia, baada ya kupambana na pepo za mbisho. Nikolao, aliyekuja kuwa mtakatifu wa zawadi za Krismasi, alikuwa askofu hapo karne ya nne.

Kuikabidhi boti Finike badala ya kuirudisha Göcek kuwe kwenye mkataba tangu mwanzo, na kuna malipo ya ziada. Ni halali yao: mtu wa kampuni atairudisha magharibi akibisha dhidi ya upepo, siku mbili za kuamka alfajiri na injini. Anayetaka kuirudisha mwenyewe aongeze siku tatu, si mbili.

Jaza dizeli kwanza, kabla ya kufunga, maana foleni ya mchana ni ndefu. Injini imefanya saa 20 kwa mizunguko 2,000, lita tatu na nusu kwa saa: tegemea lita 70. Pampu inyonye tangi la choo, risiti itunzwe. Mzamiaji wa kampuni atashuka kuangalia mkuku na propela. Mpe alama ulizopiga picha siku ya kwanza. Malori ya machungwa ya Finike hupita nyuma ya marina, na basi la Antalya, zaidi ya kilomita 100, hupatikana kituo cha mjini, dakika kumi kwa miguu ukiwa na begi laini. Sanduku gumu la magurudumu lisingeingia botini hata hivyo.